Laana ya Hamu katika vitabu vya Wamormoni, na katika kabati letu



Mama mmoja wa Kabambare alitutumia swali baada ya kipindi cha Jumapili. Kijana wake anasoma Lubumbashi. Huko amealikwa katika kanisa la Wamormoni, ambalo lenyewe linajiita Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Rafiki yake akamwambia: usiende kule, vitabu vyao vinasema mtu mweusi amelaaniwa. Kijana akawauliza wale waliomwalika, nao wakamjibu kwa upole kwamba hawafundishi neno kama hilo. Mama anauliza: nani anasema kweli?

Tulitafuta, tukasoma, tukaulizana. Jibu letu ni kwamba wote wawili wanasema kweli. Kwa hiyo tunaomba mama atuvumilie, maana habari yenyewe ni ndefu.

Kanisa hilo lilianzishwa na Joseph Smith huko Marekani mwaka wa 1830. Katika siku zake mtu mweusi aliweza kuwekewa mikono. Elijah Abel, Mweusi, alipewa ukuhani mwaka wa 1836, na jina lake liko katika maandiko yao wenyewe. Smith akauawa mwaka wa 1844, na Brigham Young akawaongoza watu wengi wa kanisa mpaka Utah. Mwaka wa 1852, mbele ya baraza la kutunga sheria la Utah, Young alisema wazi kwamba mtu mweusi ni wa uzao wa Kaini na hawezi kupewa ukuhani. Angalieni wakati wenyewe: siku hizohizo baraza lile lilipitisha sheria ya kukubali utumwa. Fundisho na sheria vilitembea pamoja kama ndugu wawili wanaokwenda soko moja.

Kwetu sisi neno ukuhani linaweza kuonekana dogo. Kwa Wamormoni si dogo. Kila kijana mwanaume wa kanisa hupewa ukuhani akiwa na miaka kama 12. Asiyekuwa nao hawezi kumbatiza mtoto wake, hawezi kuongoza, na katika hekalu hawezi kuunganishwa na mke wake na watoto wake kwa milele, jambo wanalolihesabu kuwa kubwa kuliko yote. Mweusi alibatizwa, akatoa zaka, akaimba pamoja na wengine, lakini alibaki mlangoni.

Kuna mama mmoja ambaye habari yake ilitunyamazisha tulipoisoma. Jane Manning James, Mweusi aliyezaliwa huru, alitembea na ndugu zake njia ndefu kwa miguu ili kuwafikia Wamormoni, akakaa nyumbani mwa Joseph Smith, akawafuata wengine mpaka Utah. Miaka mingi aliomba ruhusa ya kuingia hekaluni aunganishwe na jamaa kama wengine. Walimkatalia. Mwaka wa 1894 wakamfanyia ibada moja ya pekee: waliandika kwamba ameunganishwa na Joseph Smith kwa milele, kama mtumishi. Yeye mwenyewe hakuruhusiwa kuwa ndani ya hekalu siku hiyo. Mwanamke mweupe alisimama mahali pake. Alikufa mwaka wa 1908 angali akiwa mshirika wao. Sisi wa Kasongo tunajua maana ya mtu kuandikwa mtumwa. Lakini kuandikwa hivyo hata mbinguni, hilo hatukuwahi kulisikia.

Katazo likitaka kudumu hutafuta sababu, na sababu zikaingia katika vitabu. Mwaka wa 1931 Joseph Fielding Smith, mmoja wa mitume wao, alitoa kitabu kiitwacho The Way to Perfection. Ndani yake alieleza kwamba roho zetu ziliishi kabla ya kuzaliwa, kulikuwa na vita mbinguni, na wale ambao hawakusimama imara walizaliwa katika uzao wa Kaini. Alama ya Kaini, wakasema, ilipita gharika kwa njia ya mke wa Hamu. Kwa hiyo mtoto wa Lusangi aliyezaliwa usiku wa leo, asiyejua hata ziwa la mama yake, tayari ana kosa alilolifanya kabla ya dunia kuwako. Hakuna andiko la Musa, la manabii, wala la mitume linalosema hivyo.

Mwaka wa 1958 mkwe wake, Bruce R. McConkie, akatoa kitabu kinene chenye jina Mormon Doctrine, maana yake Mafundisho ya Wamormoni, kilichopangwa kama kamusi. Kilikuwa na jibu la kila swali, na ndiyo sababu watu walikipenda. Kiliwaita Wakatoliki kanisa la shetani. Juu ya Weusi kiliandika kwamba si sawa na watu wengine katika kupokea baraka fulani za kiroho, na kwamba mpango huo ni wa Bwana, si wa wanadamu. McConkie hakuwaomba ruhusa wakubwa wake. Walipokipa kitabu mtu wa kukichunguza, aliona mahali 1,067 pa kusahihisha. Mwaka wa 1960 wakasema kisichapwe tena. Lakini hawakusema hivyo mbele ya kanisa, ili jina la mwandishi lisiaibishwe. Mwaka wa 1966 kikachapwa tena, kimepunguzwa ukali, na maneno juu ya Weusi bado yamo.

Miaka hiyohiyo watu wa Nigeria na Ghana walikuwa wakisoma vitabu vya Wamormoni vilivyowafikia kwa njia mbalimbali. Walianzisha makusanyiko wao wenyewe, wakaandika barua Utah wakiomba kubatizwa. Wakajibiwa wangoje. Anthony Obinna wa Nigeria alingoja miaka. Alikuja kubatizwa Novemba 1978, na mlango ulifunguliwa kwa kuwa mwezi wa Juni mwaka ule Spencer W. Kimball, rais wa kanisa, alitangaza kwamba amepata ufunuo: kila mwanaume anayestahili apewe ukuhani bila kuangalia rangi. Wengine husema Brazili ndiyo iliyowasukuma, maana walikuwa wakijenga hekalu São Paulo, mji ambamo damu za watu zimechanganyika hata hakuna anayeweza kusema nani ni nani. Wao husema ni Mungu. Sisi hatuingii katika hilo.

Agosti 1978 McConkie, ambaye sasa alikuwa mtume, aliwaambia walimu wa kanisa lake wasahau yote ambayo yeye na wakubwa waliomtangulia walisema kinyume cha ufunuo mpya, kwa sababu walisema wakiwa na nuru kidogo. Kwa mtu mkubwa, maneno hayo si mepesi, na tunampa heshima yake. Ila kusahau ni jambo moja na kutubu ni jingine. Sehemu ile ikabadilishwa, kitabu kikaendelea kuuzwa, mpaka mwaka wa 2010 kilipoacha kuchapwa. Mwaka wa 2013 kanisa liliandika waziwazi kwamba linakataa fundisho la kwamba ngozi nyeusi ni alama ya laana au ya kosa lililofanywa kabla ya kuzaliwa. Ombi la msamaha kwa waliokataliwa miaka 126 halikuwamo.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Wamisionari wao walifika Kinshasa mwaka wa 1986, wakati wa Zaïre, miaka minane baada ya katazo kuondolewa. Mkongomani aliyebatizwa tangu hapo alipewa vitabu vipya. Kitabu cha Mormoni cha Kiswahili kilitoka mwaka wa 2000. Hekalu la Kinshasa lilifunguliwa Aprili 2019. Wale waliomwalika kijana hawamdanganyi: ukurasa ule hawajawahi kuuona. Na rafiki yake naye hadanganyi, kwa sababu ukurasa ulikuwako.

Na hapo ndipo wengi waliotoka katika kanisa hilo huko Marekani wanaposema waliumia. Makosa ya wazee wangeweza kuyasamehe. Nani hana babu aliyekosea? Kilichowaumiza ni kuyagundua peke yao wakiwa watu wazima, katika kitabu cha zamani kilichobaki rafuni mwa nyanya, baada ya kuambiwa maisha yote kwamba mafundisho hayajabadilika.

Wanaojulikana kuliko wengine ni Jerald na Sandra Tanner wa Salt Lake City. Wote wawili walizaliwa katika kanisa hilo. Sandra ni wa uzao wa Brigham Young mwenyewe. Walitoka vijana, wakamwamini Kristo jinsi Injili inavyomhubiri, na kuanzia miaka ya 1960 wakafanya kazi moja ambayo hatujaiona kwingine: walipiga picha kurasa za vitabu vya zamani vya kanisa lao na kuzichapa jinsi zilivyo. Hawakutaka watu waamini maneno yao, walitaka wasome wenyewe.

Lakini tunachowaheshimia zaidi ni hiki. Miaka ya 1980 alitokea muuzaji wa hati za kale, Mark Hofmann, aliyeuza barua iliyomwaibisha Joseph Smith. Kwa adui wa Wamormoni barua hiyo ilikuwa kama mvua wakati wa kiangazi. Jerald Tanner aliichunguza na mwaka wa 1984 akaandika kwamba ana mashaka nayo, huenda ni ya uongo. Mke wake mwenyewe hakukubaliana naye mwanzoni. Mwaka wa 1985 Hofmann aliua watu wawili kwa mabomu ili kuficha udanganyifu wake, na ikajulikana kwamba barua aliiandika yeye. Tanner alikataa silaha nzuri dhidi ya wapinzani wake kwa sababu haikuwa kweli. Ni wangapi kati yetu wahubiri tungefanya hivyo?

Tunauliza kwa sababu tulipofika hapo katika kusoma kwetu, hatukuweza tena kuwanyoshea Wamormoni kidole kwa raha.

Sisi Wapentekoste tunapenda kusimulia Azusa Street, Los Angeles, 1906, jinsi Roho alivyoshuka chini ya uongozi wa William Seymour, Mweusi, mwana wa watu waliokuwa watumwa. Hatusimulii sana kwamba mwanzoni mwa mwaka uleule, huko Houston, Seymour alisoma shule ya Biblia ya Charles Parham akiwa ameketi nje ya mlango, kwa sababu Weusi hawakuruhusiwa kuketi na weupe. Wala kwamba mwaka wa 1939 wakubwa wa Assemblies of God ya Marekani waliamua kutowawekea Weusi mikono kuwa wachungaji wao. Mwaka wa 1994, katika mkutano wa Memphis, mchungaji mweupe alipiga magoti mbele ya wote akamwosha miguu askofu mweusi, akilia. Miaka 88 tangu Azusa. Tulichelewa sisi pia.

Na laana ya Hamu, je, haikuhubiriwa hapa kwetu? Nani kati ya wazee wa Maniema hajaisikia? Nchi hii ni ya Kasongo ya Tippu Tip, na ya Nyangwe, ambako Livingstone aliona watu wa soko wakipigwa risasi mwaka wa 1871. Watu wetu walipouliza kwa nini walifungwa minyororo, walijibiwa: ninyi ni wana wa Hamu, Nuhu aliwalaani. Na jina hilohilo Wazungu wakaligeuza upande mwingine. Mwingereza Seligman aliandika mwaka wa 1930 kwamba Wahamu ni jamaa ya weupe walioleta kila jambo jema Afrika. Mafundisho ya namna hiyo yaligawanya majirani zetu wa Rwanda na Burundi kuwa watawala na watawaliwa kwa kuzaliwa, na moshi wa moto ule umetufikia sote.

Fungueni Mwanzo 9. Nuhu ndiye aliyelaani, akiwa ameamka kutoka katika divai. Aliyelaaniwa ni Kanaani peke yake, na habari ya rangi haimo hata kwa herufi moja. Mwanzo 10 inaonyesha wana wengine wa Hamu: Kushi, Misri na Putu, na Nimrodi aliyejenga ufalme wa Babeli. Hao walikuwa watumwa wa nani? Kisha someni Hesabu 12. Miriamu alimnung'unikia Musa kwa sababu ya mke Mkushi, Bwana akakasirika, na Miriamu akageuka mweupe kama theluji kwa ukoma. Kama tungetaka kuhubiri laana ya rangi, andiko hilo lingempendeza nani?

Wiki hii tulifungua kabati la redio kutafuta masomo ya zamani ya watoto. Tuliikuta karatasi iliyonakiliwa mara nyingi hata herufi zimefifia, haina jina la mwandishi, juu ya wana watatu wa Nuhu. Inasema Semu alipewa sala, Yafethi akapewa akili, Hamu akapewa kazi za mikono kwa sababu ya kosa lake. Pembeni kuna alama ya kalamu, jinsi tunavyoweka alama kwenye karatasi zilizokwisha kusomwa hewani. Tuliisoma. Watoto wa Lusangi walitusikia, na wengine wao leo ni baba na mama.

Wengine wetu walitaka ichomwe. Tumekataa. Tumeandika juu yake kwa wino mwekundu: hii tuliifundisha sisi, na si kweli. Jumapili ijayo, saa ya kipindi cha watoto, itasomwa tena hewani pamoja na maneno hayo, kisha Mwanzo 9 yote. Mama wa Kabambare, mwambie kijana asikilize akiwa likizo nyumbani. Na akirudi Lubumbashi awaombe rafiki zake wa kanisa lile wamwonyeshe kitabu cha mwaka wa 1958, wakisome pamoja.