Kusahihisha: Neno na Asili Yake

Ninyi mlio Endagikot, na wenzenu wa vijiji vingine vya Mbulu na Hanang, sogeeni karibu na redio. Leo tutajifunza neno moja tu, nalo ni "kusahihisha". Mwalimu wa darasa aliandike ubaoni.

Kwa nini neno hili? Kwa sababu wako watu wazima wanaoficha madaftari yao mwalimu apitapo na kalamu nyekundu. Mzee mwenye wajukuu huona haya kusahihishwa mbele ya wenzake. Hudhani kwamba kusahihishwa ni kulaumiwa. Basi tutazame asili ya neno, tuone kama ndivyo.

Neno "sahihi" limetoka katika Kiarabu. Kwa karne nyingi watu wa pwani walifanya biashara na Waarabu, na wengi wakafuata dini ya Kiislamu. Kwa njia hizo maneno mengi yakaingia katika Kiswahili. Kwa Kiarabu, kitu sahihi ni kitu kizima, kisicho na ugonjwa wala kasoro. Katika shina hilo hilo tumepata neno "siha", maana yake afya. Mwaona? Sahihi na siha ni ndugu wa tumbo moja.

Lakini Waswahili hawakuliacha neno hilo kama walivyolikuta. Walilitia mwisho wa Kibantu. Kama vile safi huzaa "safisha", na imara huzaa "imarisha", ndivyo sahihi ilivyozaa "sahihisha". Basi kusahihisha ni kukifanya kitu kiwe kizima. Mvua ikibomoa tuta la shamba lako la mtelemkoni, hulitukani tuta. Walitengeneza upesi, udongo usije ukachukuliwa wote.

Waingereza nao wana neno lao, "correct". Lilitoka katika Kilatini, lugha ya Warumi wa kale, na maana yake ya kwanza ni kunyoosha kilichopinda. Baadaye likatumika pia kwa maana ya kuadhibu. Hata leo huko Marekani idara nyingi za magereza huitwa kwa jina litokanalo na neno hilo. Sisi nasi husema "kumrudi mtoto", na pengine maana yake ni fimbo. Hivyo ndivyo neno la kutengeneza linavyoweza kugeuka kuwa neno la kutisha.

Je, ni nani aamuaye lililo sahihi? Hata Kiswahili chenyewe kilipitia kazi hiyo. Mwaka 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili cha vitabu. Mwaka 1930 ikaanza Kamati ya Lugha ya nchi nne: Tanganyika, Kenya, Uganda na Zanzibari. Kazi yake mojawapo ilikuwa kuvipitia vitabu vya shule na kuvisahihisha. Walikuwako waliotaka Kimvita, lugha ya Mombasa yenye mashairi ya tangu zamani. Kimvita hakikuwa na ugonjwa wowote. Ilitakiwa njia moja tu ya kuandika, ili kitabu kimoja kisomwe kila mahali.

Neno hili liwafae hasa ninyi mliozaliwa katika Kiiraqw. Kiiraqw si lugha ya Kibantu. Ni ya jamaa ya Kikushi, nacho kina sheria zake. Mkisema "kitabu yangu" badala ya "kitabu changu", si upungufu wa akili. Mmetoka nyumba moja, mkaingia nyingine, na mwenyeji anawaonyesha mlango ulipo.

Sasa, liko jambo moja kubwa zaidi. Jina uliandikalo mwishoni mwa hati nalo huitwa "sahihi". Utiapo sahihi wasema: "Maneno haya ni mazima, nami nayakubali." Ndiyo maana jambo hili si la daftari peke yake. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, hati ya hakimiliki ya kimila hutiwa sahihi au alama ya mwenye kupewa ardhi. Asiyejua kusoma hutia dole gumba chini ya maneno asiyoyajua. Huenda jina limekosewa. Huenda mpaka uliotajwa si ule wa baba yake. Dole likishatiwa, kosa hilo limekuwa lake.

Kwa hiyo soma kwanza, au mwombe unayemwamini akusomee. Ukiona kosa, usione haya mbele ya karani wala mwenyekiti. Sema kwa adabu: "Ndugu, sahihisha kwanza, ndipo nitie sahihi." Anayejifunza kusahihishwa darasani atajua pia kudai kusahihishiwa ofisini.

Kazi ya darasa:
1. Andikeni maneno haya: siha, sahihi, sahihisha. Elezeni udugu wao.
2. Kila mtu aandike jina lake kamili, kisha jirani yake alisome na kulisahihisha.
3. Zungumzeni: ni karatasi gani mliwahi kutia dole bila kuzisoma?

Kwa herini, mpaka somo lijalo.