Udhibiti wa akili mnemba: Rwanda na mataifa yenye uchumi mkubwa

Udhibiti wa akili mnemba ni jumla ya sheria, sera na vyombo ambavyo dola hutumia kuongoza uundaji na matumizi ya mifumo ya kompyuta inayojifunza kutokana na data, kisha ikatabiri, kutunga au kuamua.

Rwanda

Baraza la Mawaziri liliidhinisha Sera ya Taifa ya Akili Mnemba tarehe 20 Aprili 2023. Sera hiyo ni mwongozo wa serikali, si sheria, hivyo kinga halisi ya raia hutokana na Sheria Na. 058/2021 ya tarehe 13 Oktoba 2021 kuhusu ulinzi wa data binafsi na faragha, inayosimamiwa na Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Mtandao. Sheria hii muhimu humpa mhusika wa data, yaani mtu ambaye taarifa zinamhusu, haki ya kutofungwa na uamuzi mzito uliotolewa na mashine peke yake, isipokuwa katika hali zilizotajwa. Kwa mfano, mchuuzi wa samaki wa Rubona, kando ya Ziwa Kivu, akinyimwa mkopo na programu ya simu bila binadamu kulipitia ombi lake, ana msingi wa kulalamika.

Umoja wa Ulaya

Sheria ya Akili Mnemba ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kuwa na nguvu tarehe 1 Agosti 2024, ndiyo pana kuliko zote: hupanga mifumo kwa kiwango cha hatari, na tangu tarehe 2 Februari 2025 imepiga marufuku mingine kabisa, ukiwemo ule wa kuwapa watu alama kwa mwenendo wao wa kijamii. Faini ya juu hufikia yuro milioni 35 au asilimia 7 ya mapato ya kampuni duniani. Sheria hii huifikia hata kampuni ya Kigali, iwapo matokeo ya mfumo wake yanatumika Ulaya.

China na Marekani

China hutunga kanuni kwa kila aina ya teknolojia. Zile za mifumo inayotunga maandishi na picha zilianza tarehe 15 Agosti 2023. Marekani haina sheria moja ya shirikisho, na amri ya Rais Biden ya Oktoba 2023 kuhusu akili mnemba ilifutwa na Rais Trump tarehe 20 Januari 2025.

Japani

Japani ilipitisha sheria ya kukuza akili mnemba Mei 2025.

Afrika

Mkutano wa akili mnemba uliofanyika Kigali tarehe 3 na 4 Aprili 2025 ulitoa Azimio la Afrika kuhusu Akili Mnemba, linalopendekeza mfuko wa dola bilioni 60. Azimio hilo halina nguvu ya sheria.