Sauti Haisubiri: Jinsi Ofisi Ndogo Ilivyopata Swichibodi Yake

Ukiongea na mtu kwa simu ya intaneti, kuna kero mbili unazozijua vizuri. Ya kwanza: neno moja linamezwa katikati ya sentensi. Unakisia, maongezi yanaendelea. Ya pili: maneno yote yanafika, ila yamechelewa. Unasema "haloo", mwenzako naye kaanza, mnagongana, mnanyamaza wote, kisha mnaanza tena kwa pamoja. Hii ya pili ndiyo inayoua maongezi. Sikio linavumilia kupotewa na neno, lakini halivumilii kucheleweshwa. Bila kuielewa tofauti hiyo, huwezi kuelewa ni vipi ofisi ya watu watano leo inaweza kuwa na swichibodi ambayo zamani ilikuwa ya benki na hoteli kubwa.

Turudi mwaka 1974. Simu ya kawaida wakati huo ilifanya kazi kwa kukodishiwa njia: ukipiga, mtambo unakupa njia yako peke yako mpaka ukate, hata kama mmenyamaza. ARPANET, mtandao wa utafiti wa Marekani ulioizaa intaneti, ulikuwa na utaratibu mwingine. Uliikata taarifa vipande vidogo, yaani pakiti, kila pakiti ikasafiri yenyewe kwenye njia inayotumiwa na wote. Kwa barua na mafaili ulifaa sana. Je, kwa sauti ya mtu anayeongea sasa hivi?

Danny Cohen wa taasisi ya ISI, Chuo Kikuu cha Southern California, aliongoza jaribio hilo. Mwaka 1974 sauti ilisafiri kwa pakiti kati ya ISI, California, na maabara ya Lincoln ya MIT, upande wa pili wa Marekani. Ilifanya kazi, lakini ikafichua tatizo. Kanuni ya usafirishaji iliyokuwa ikibuniwa wakati huo, TCP, ilikuwa na uaminifu wa kupitiliza: pakiti ikipotea, zinazofuata zinasubiri mpaka ile iliyopotea itumwe upya. Kwa faili la mshahara ni sawa kabisa. Kwa sauti ni balaa. Fikiria mwanakwaya aliyesahau neno kwenye ubeti wa kwanza, kisha anaamua kuliimba wenzake wakiwa ubeti wa tatu. Bora angeliacha tu.

Cohen alisisitiza kwamba sauti ipewe njia isiyolazimishwa kusubiri. Mwaka 1978 TCP ikagawanywa: kazi ya kupeleka pakiti kwenye anwani yake ikapewa IP, na kazi ya kuhakikisha hakuna kilichopotea ikabaki kwa TCP. Mwaka 1980 ikaongezwa UDP, kanuni nyepesi inayotuma pakiti bila kurudi nyuma. Kwa hiyo simu haikudandia intaneti baadaye. Umbo la intaneti tunayoitumia lilichongwa kwa sehemu na mahitaji ya sauti.

Kompyuta za kawaida zilichukua muda kufikia hapo. Mwaka 1995 kampuni ya VocalTec ya Israeli ilitoa programu ya Internet Phone, na watu wenye kompyuta za nyumbani wakaanza kuongea bila kulipia simu ya nje. Mwaka uliofuata, chama cha kampuni za simu za Marekani, ACTA, kiliiomba tume ya mawasiliano FCC izuie uuzaji wa programu za aina hiyo. FCC haikuzipiga marufuku.

Lakini kuongea ni nusu tu ya simu. Ofisi inahitaji pia namba za ndani, kuhamisha simu kwenda kwa mhasibu, na sauti inayokwambia "bonyeza moja". Kazi hiyo ilifanywa na swichibodi, sanduku la gharama kubwa kutoka kwa mtengenezaji mmoja. Ukitaka kuongeza namba tano, unamwita fundi wake, kwa bei yake.

Mwaka 1999 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, Mark Spencer, alikuwa ameanzisha kampuni ndogo ya kuwasaidia watumiaji wa Linux. Alihitaji swichibodi na hakuwa na fedha za kuinunua, basi akaiandika kama programu. Akaiita Asterisk, jina la ile alama ya nyota kwenye vitufe vya simu, na akaiachia bure pamoja na msimbo wake. Mwenzake kwenye safari hiyo, Jim Dixon, alibuni kadi ya bei nafuu ya kuunganisha kompyuta na laini za simu, kazi nzito akaiachia kompyuta yenyewe.

Mwaka huohuo ilichapishwa SIP, kanuni ambayo simu hutumia kuitana, kupokea na kukata. SIP haibebi sauti. Ikishawakutanisha watu wawili, sauti inapita kwingine: inapimwa mara 8,000 kwa sekunde, inakatwa vipande vya milisekunde 20, na pakiti 50 zinaondoka kila sekunde, kwa kawaida juu ya UDP ileile. Kwa kuwa SIP ni kanuni ya wazi, simu ya mezani ya kampuni moja inaelewana na swichibodi ya kampuni nyingine. Yule fundi akapoteza ufalme wake.

Huku Afrika Mashariki kulikuwa na kikwazo kingine, na hicho ni cha fizikia. Kabla ya mikongo ya baharini, intaneti yetu ya kwenda nje ilipitia zaidi kwenye setilaiti zilizo karibu kilomita 36,000 juu ya ikweta. Kupanda na kushuka ni kilomita 72,000, yaani sekunde 0.24 hata kwa kasi ya mwanga. Mapendekezo ya kimataifa yanataka sauti ichelewe isizidi milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Umeshavuka kabla hujasema neno. Mkongo wa SEACOM ulipozinduliwa Julai 2009, ukitia nanga Mombasa na Dar es Salaam, hesabu ilibadilika: ndani ya nyuzi za kioo, safari ya kilomita 10,000 huchukua takriban milisekunde 50.

Hata hivyo kuna kitu tulikiacha njiani. Simu ya zamani ya waya wa shaba ililetewa umeme kupitia waya uleule, kutoka kwenye betri za kituo cha simu. Giza likiingia mtaa mzima, simu ilibaki hai. Simu ya intaneti inategemea umeme wako na ruta yako. Uingereza, inayozima mtandao wake wa shaba, ilipanga kumaliza kazi mwishoni mwa 2025, kisha ikasogeza hadi Januari 2027. Sababu moja kubwa ni wazee wenye vifaa vya kuomba msaada vilivyounganishwa na laini hizo. Kule, anayetegemea simu ya mezani anapaswa kupewa njia ya kupiga simu ya dharura kwa angalau saa 1 umeme ukikatika.

Kwetu, ambako mgao wa umeme si hadithi, zahanati au shule inayofunga simu za aina hii isiishie kuuliza bei na idadi ya namba za ndani. Iulize pia betri ya ruta inadumu saa ngapi, na umeme ukikatika usiku ni simu ipi itakayopiga nje. Uhuru wa kumiliki swichibodi umekuja na kazi ambayo zamani ilikuwa ya kampuni ya simu: kuiweka hai.