Shule Izungumze na Mzazi: Ukalimani na Haki ya Elimu kwa Wanaojifunza Kiingereza Marekani

Mjadala kuhusu wanafunzi wanaojifunza Kiingereza katika shule za umma za Marekani umezoea kuuliza mtoto afundishwe kwa lugha gani. Makala haya yanadai kwamba swali hilo limefunika jingine lenye uzito uleule: shule inazungumza na mzazi kwa lugha gani? Shule isiyoelewana na mzazi haiwezi kumjua vizuri mtoto inayetaka kumsaidia.

Msingi wa kisheria upo. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols iliyotoka San Francisco, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kuwapa wanafunzi wa asili ya Kichina vitabu, walimu na mtaala uleule wa wenzao, kwa lugha wasiyoielewa, si usawa. Uamuzi huo uliegemea Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Mwaka 1981, katika Castañeda dhidi ya Pickard, mahakama ya rufani iliweka vigezo vitatu: programu iwe na msingi wa kitaalamu, itekelezwe kwa walimu na vifaa vya kutosha, na ipimwe kwa matokeo yake. Sheria ya elimu ya 2015 nayo inataka mzazi aarifiwe, ndani ya siku 30 za mwanzo wa mwaka wa masomo, kwa nini mtoto amewekwa katika programu ya lugha, na kwamba anaweza kuikataa. Haki ya kukubali au kukataa jambo usiloelezwa ukaelewa ni haki ya karatasini tu.

Tuchukue familia za Wakongo waliopitia makambini Afrika Mashariki kabla ya kuhamishiwa Marekani. Mtoto aliyesoma katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma, alifuata mtaala wa Kongo, hivyo alizoea Kifaransa darasani. Aliyesoma katika kambi ya Kakuma alifuata mtaala wa Kenya na tayari amekutana na Kiingereza. Nyumbani huenda wote wawili wanazungumza Kibembe au Kifuliiru, na Kiswahili wakakitumia na majirani. Siku ya kuandikishwa, fomu ya shule inauliza lugha ya nyumbani, na mzazi anajibu: Kiswahili. Jibu si la uongo, ila limeficha karibu kila kitu ambacho mwalimu angehitaji kujua. Mkalimani stadi, akipewa muda wa kumhoji mzazi, angebaini nani amekwisha kujifunza sehemu na desimali kwa Kifaransa na nani alikosa shule kwa miaka. Asipokuwepo, wote wawili huonekana sawa: hawajui Kiingereza.

Ukimya wa mzazi nao hufasiriwa vibaya. Wengi wa wazazi hawa wamelelewa kuamini kuwa mwalimu ndiye mwenye darasa, na kwamba kwenda shuleni bila kuitwa ni kumtilia shaka. Shule ya Kimarekani, inayotarajia mzazi aulize na adai, huona heshima hiyo kuwa ni kutojali. Kibaya zaidi ni desturi ya kumfanya mtoto mkalimani. Mwanafunzi aliyeitwa ofisini kwa kosa la nidhamu hutakiwa kumfasiria mama mashtaka yanayomhusu yeye mwenyewe. Hapo shule haipati ukweli, na mzazi anapoteza mamlaka mbele ya mwanawe.

Wapo wanaosema dawa ni kuzamishwa katika Kiingereza, hata nyumbani. California ilijaribu njia hiyo shuleni: mwaka 1998 wapiga kura walibana elimu ya lugha mbili, na mwaka 2016 wapiga kura wa jimbo hilohilo wakaondoa vizuizi hivyo. Utafiti wa Jim Cummins, mtaalamu wa elimu ya lugha mbili, ulikwisha kuonyesha kwamba mtoto huweza kuongea Kiingereza cha kila siku baada ya miaka miwili hivi, ilhali Kiingereza cha masomo huhitaji miaka mitano hadi saba. Katika miaka hiyo, mzazi anayemwelezea mtoto mambo kwa undani katika lugha anayoimudu humjengea maarifa atakayoyahamishia kwenye Kiingereza. Akilazimishwa Kiingereza cha kubabaisha, mazungumzo hayo hukatika. Wengine hutaja gharama, au amri ya rais ya Machi 2025 iliyokifanya Kiingereza lugha rasmi. Gharama ni halisi, lakini kumweka mtoto katika darasa lisilomfaa nako kuna gharama. Na amri ya rais haifuti sheria ya 1964.

Kwa hiyo shule ziajiri wakalimani watu wazima waliofunzwa, na ziulize historia ya masomo ya mtoto kabla ya kumpima. Mzazi naye aombe mkalimani bila haya, na akatae mwanawe kufanywa mmoja. Wataalamu wa Kiswahili pia tuna wajibu: tuandae wakalimani wanaokimudu Kiswahili cha Kivu, mashariki mwa Kongo, sawasawa na Kiswahili sanifu, kwa kuwa familia hizi hazikukulia Unguja wala Dar es Salaam.