Savić na Dhahabu Iliyochelewa

Robo ya mwisho ya fainali ya polo ya majini ya Olimpiki ya Athens, Agosti 2004, ilianza Serbia na Montenegro wakiongoza Hungaria 7-5. Ilipomalizika, Hungaria walikuwa wametikisa nyavu mara tatu bila kujibiwa: 8-7. Dejan Savić, mzaliwa wa Belgrade, akavishwa medali ya fedha.

Katika polo ya majini hata kukanyaga chini ni marufuku, isipokuwa kwa kipa. Unapumzika huku unaogelea. Savić aliucheza mchezo huo chini ya majina matatu ya nchi. Shaba ya Sydney 2000 aliipata Yugoslavia ikingali hai, ya fedha ikaja enzi za muungano na Montenegro. Beijing 2008 Serbia ilikuwa peke yake, na katika kugombea shaba ikapangiwa nani? Montenegro, ndugu wa juzi tu. Serbia wakashinda 6-4. Dhahabu za dunia na za Ulaya alizipata, ila ya Olimpiki, ambayo Wayugoslavia waliitwaa mara ya mwisho Seoul 1988, ilimkwepa.

Mwishoni mwa 2012 akakabidhiwa ukocha wa timu ya taifa ya Serbia, ikiwa na akina Filip Filipović na Andrija Prlainović, aliowahi kuwa nao majini Beijing. Alianza vibaya: nafasi ya saba katika ubingwa wa dunia, Barcelona 2013. Kisha milango ikafunguka. Mwaka 2014 waliwachapa Hungaria 12-7 palepale Budapest na kubeba ubingwa wa Ulaya. 2015, katika fainali ya dunia mjini Kazan, Kroatia wakalala 11-4.

Basi Rio 2016 wakaenda kama vigogo, na nusura waaibike. Sare 13-13 na Hungaria. Sare 9-9 na Ugiriki. Halafu wenyeji Brazili, ambao si wakubwa wa mchezo huu hata kidogo, wakawafunga 6-5. Kocha mwingine angepangua kikosi kwa hofu. Wale wale wakawatoa Hispania, wakawatoa Italia, na katika fainali wakaizamisha Kroatia 11-7. Miaka 28 ya kusubiri ikaisha.

Tokyo, michezo iliyosogezwa hadi 2021, Hispania waliwafunga Serbia 13-12 kwenye makundi. Nusu fainali Serbia wakalipiza 10-9, kisha katika fainali Ugiriki wakapigwa 13-10.

Savić aliondoka 2022. Paris 2024, chini ya Uroš Stevanović, Serbia waliyumba tena makundini, wakafungwa na Australia, na dhahabu wakaondoka nayo.