Mvinyo Mwekundu wa Nyanda za Juu: Sigor na Nchi ya Majani Chai

Mvinyo mwekundu wa milimani hutengenezwa kwa zabibu zilizokulia mahali pa juu, ambapo jua la mchana ni kali na usiku ni wa baridi. Ulaya shamba la mizabibu lililo juu ya mita 500 huweza kuhesabiwa kuwa la mlimani; karibu na ikweta, mita 500 bado ni joto tupu. Mji wa Kericho, nchini Kenya, uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na Bomet haiko mbali na kimo hicho. Kwa hiyo nchi hii ya majani chai ingeonekana kuwa kitalu kizuri cha mizabibu. Hoja ya makala hii ni kwamba sivyo: mwinuko upo, ila ukavu haupo, na mzabibu wa mvinyo mwekundu huhitaji vyote viwili.

Faida ya mwinuko ni ya kweli. Joto hupungua takriban nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 unazopanda, na ubaridi wa usiku huzuia ukali wa tunda usipotee kabla sukari haijajaa. Mwanga mkali wa jua hulifanya ganda la zabibu kuwa nene na lenye rangi nzito. Hapa ndipo penye kiini cha mvinyo mwekundu. Maji ya zabibu nyingi nyekundu hayana rangi ya maana. Rangi na tanini hutoka kwenye maganda. Ndiyo maana zabibu zikishapondwa, maji huachwa yachachuke pamoja na maganda yake, mara nyingi kwa wiki moja au mbili, kwenye joto la nyuzi 25 hadi 30. Maganda huelea juu, nayo husukumwa chini kila siku ili yaendelee kutoa rangi. Kisha mvinyo hukamuliwa, bakteria hugeuza ukali wa tunda kuwa laini zaidi, na mvinyo hutulizwa kwenye matangi au mapipa. Mtengenezaji wa mvinyo mweupe huyatenga maganda mapema. Wa mwekundu hana njia hiyo. Ganda likioza, rangi hugeuka kahawia na mvinyo wote umeharibika.

Linganisha sasa pande mbili za safu ya Mau. Naivasha, mashariki, iko karibu mita 1,900, kimo kinachokaribiana na cha Kericho. Huko ndiko yaliko mashamba ya mvinyo wa Leleshwa, ukiwemo mwekundu wa zabibu za Shiraz. Lakini Naivasha imekingwa na milima pande zote mbili, na hupata takriban milimita 650 za mvua kwa mwaka. Kericho, upande wa magharibi, hupokea mawingu ya Ziwa Victoria na kupata karibu milimita 2,000 kwa mwaka, mvua ikinyesha karibu kila mwezi. Mvua hiyo ndiyo iliyowavuta Brooke Bond na James Finlay miaka ya 1920. Mchai huvunwa majani machanga kila baada ya siku chache, hivyo unyevu usiokatika ni baraka kwake. Kwa mzabibu unyevu huohuo huleta ukungu wa majani na kuoza kwa vishada. Juu ya hayo, nyanda za Kericho ni maarufu kwa mvua ya mawe. Mchai uliopigwa huchipua tena. Kishada kilichopasuliwa hakiponi.

Wapo watakaosema kwamba kizuizi ni ikweta yenyewe, kwa kuwa hakuna majira ya baridi ya kuulaza mzabibu. Dodoma, nchini Tanzania, imekwisha kujibu hoja hiyo. Kule, kwenye mita 1,100 hivi na mvua chache, wakulima hupogoa mizabibu ili kuianzishia msimu mpya, nao huweza kuvuna mara mbili kwa mwaka. Salta, nchini Argentina, baadhi ya mizabibu imepandwa zaidi ya mita 3,000, tena katika mabonde makavu yanayomwagiliwa. Kote huko ukavu upo. Wengine watasema mashamba yafunikwe kwa plastiki, kama wafanyavyo baadhi ya wakulima wa Japani. Inawezekana, na udongo wenye asidi unaopendwa na chai unaweza kutiwa chokaa. Lakini gharama hizo zingebebwa na mkulima mdogo ambaye mchai wake unamlipa kila mwezi na kumpa bonasi, ilhali mzabibu humtaka asubiri miaka kama mitatu kabla ya mavuno ya maana.

Sigor, katika eneo la Chepalungu, kaunti ya Bomet, ni suala tofauti kidogo, na hapa ndipo ninapoona nafasi. Upande huo wa Bomet ni wa chini na mkavu kuliko Konoin, upande wa kaunti hiyo wenye chai. Hapa chai huyapisha mahindi na ng'ombe. Bado si Naivasha, na mvua za masika zingeweza kuharibu mavuno yasiyopangwa vizuri. Anayetaka kujaribu aanze na mistari michache kwenye mteremko unaopitisha upepo na usiotuamisha maji, apogoe kwa hesabu ili zabibu ziive katika miezi mikavu ya Desemba hadi Februari, na apime mvua kwa misimu kadhaa kabla ya kuongeza hata mche mmoja. Matuta ya Kericho yaachiwe chai.