Orodha ya wanachama vyuoni: ukiibeba, umebeba watu

Leo naongelea kitu ambacho vijana wa siasa za vyuoni wanakichukulia poa: orodha ya wanachama. Jina, namba ya simu, kozi, bweni, chama.

Nianze na kosa langu. Nilipomaliza form four nilipewa kibarua cha kuchapa orodha ya wanachuo waliojiunga na kikundi kimoja. Nikachapa steshenari pale Mwanga, nikahamishia kwenye flashi, nikasepa. Siku ya tatu nikakumbuka kuwa faili nimeliacha kwenye kompyuta ya watu. Nikarudi mbio, nikalikuta lipo wazi kabisa. Nikalifuta, lakini usingizi sikupata. Wale ni watoto wa watu.

Msione nakuza mambo. Machi 2018 Abdul Nondo, mwanafunzi wa UDSM na mwenyekiti wa mtandao wa wanafunzi TSNP, alipotea Dar akaonekana Mafinga, Iringa. Akashtakiwa kwa kudanganya kuwa alitekwa. Novemba 2018 mahakama ikamwachia huru. Tarehe 1 Desemba 2024, akiwa kiongozi wa vijana wa ACT Wazalendo, alichukuliwa kituo cha mabasi cha Magufuli akitokea huku kwetu Kigoma. Usiku akatupwa Coco Beach. Sisemi ni orodha iliyomponza. Ninachosema, kiongozi amekubali kujulikana. Yule wa mwaka wa kwanza aliyeandika jina tu hakukubali hilo.

Sheria inasemaje? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inaweka msimamo wa kisiasa kwenye taarifa nyeti. Kuzitumia kunahitaji ridhaa ya maandishi ya mwenyewe. Lakini pia ipo Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayowapa polisi nguvu ya kudai taarifa zilizo kwenye kompyuta. Kwa hiyo paswedi peke yake haitoshi. Kinga kubwa ni kutokuwa na kitu cha kuchukuliwa.

Fanyeni hivi:

1. Kusanya kidogo. Kama kazi ni kuita mkutano, namba inatosha. Bweni la nini?
2. Gawa. Kila tawi likae na watu wake. Asiwepo mtu mmoja mwenye orodha ya nchi nzima.
3. Weka paswedi ya kufungulia faili lenyewe, siyo ya simu tu. Excel inayo sehemu hiyo.
4. Usichapie steshenari. Ukifuta faili, linabaki kwenye kapu la takataka, na hata ukilimwaga kuna wanaoweza kulirudisha.
5. Usiwarundike wote kwenye grupu moja la WhatsApp. Kila aliyemo anaona namba za wenzake, na mpelelezi akiwemo naye anaziona.
6. Kiongozi akimaliza muda, akabidhi orodha na kufuta nakala zake.
7. Uchaguzi ukiisha, futa.

Ukiambiwa "andika jina hapa", uliza kwanza: litakaa wapi, na nani atalifuta?

Nawakilisha.